Re: Mikimbio mingi, mbona hatupandi?

Ndugu, umeuliza kwa nini timu yako ya besiboli imefunga mikimbio (pointi za mchezo huo) 10 na zaidi mechi tatu mfululizo lakini imepanda nafasi moja tu. Msimamo wa besiboli hauhesabu mikimbio: ushindi wa 14-2 na wa 3-2 una uzito uleule. Kinachohesabiwa ni mechi mlizoshinda na mlizopoteza, na pengo kati yenu na kinara hupigwa hesabu hivi: tofauti ya mechi zilizoshindwa na kila timu jumlisha tofauti ya mechi zilizopotezwa, gawa kwa 2. Kinara akiwa 50-30 (ameshinda 50, amepoteza 30) nanyi 46-34, mko nyuma mechi 4. Mkishinda siku anayopumzika, mnapunguza nusu mechi. Mkimshinda yeye mwenyewe, mnapunguza mechi nzima. Hata fainali ya Marekani ya 1960, iliyochezwa kwa mechi saba, Yankees wa New York walifunga jumla ya mikimbio 55, Pirates wa Pittsburgh 27 tu (ndiyo, kama nusu!), lakini Pirates walishinda mechi nne kati ya hizo na ubingwa ukaenda Pittsburgh.