Paa la jani la mgomba: umbo, umbile au muundo?

SWALI: Nasoma usanifu majengo, nyumbani ni Moshi. Nimesanifu paa la soko kwa kompyuta nikiangalia jani la mgomba. Niliandika: "Umbile wa paa umetokana na jani." Mwalimu akakata "umbile" akaweka "umbo". Mwenzangu anasema ni "muundo". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu wako alifanya vyema kuliondoa "umbile". Umbile ni hali ya kitu kama kilivyoumbwa. Jani la mgomba lina umbile. Paa limejengwa na fundi. Ila kama "umbo" linafaa mahali pake, hilo tutaliona kwenye mchoro wako.

Umbo ni kile jicho linachokiona. Nyumba ya ibada ya Wabahai mjini New Delhi, iliyofunguliwa 1986, imefuata umbo la ua la lotasi, petali 27 zilizofunikwa marumaru. Hata mtoto akiiona atasema ni ua. Muundo ni namna sehemu zinavyoshikana na kubebana. Neno hilo limetokana na kuunda, kama wanavyounda majahazi. Joseph Paxton, mtunza bustani wa Uingereza, alitazama mishipa iliyo chini ya jani la yungiyungi kubwa la Amazon, akaona inavyobeba uzito. Kisha akasanifu jengo la vioo la Crystal Palace, London, 1851. Jengo lile halikufanana na jani hata kidogo. Paxton alichukua muundo, umbo akaliacha mtoni.

Sasa wewe. Jani la mgomba lina uti mnene wenye mfereji kwa juu. Kama umeufuata uti huo ili paa libebe mzigo na kuteremsha maji ya mvua, mwenzako kapatia: ni muundo. Kama umekunja kingo tu zipendeze, mwalimu kapatia. (Mafundi wa Moshi wataviita vyote "ramani", nawe usiwasumbue.)

Kompyuta inaongeza jambo moja. Mwaka 1968 mwanabiolojia Aristid Lindenmayer alibuni kanuni za kueleza mimea inavyokua. Ukiipa programu kanuni za namna hiyo, tawi linagawanyika na kugawanyika tena bila wewe kulichora. Hapo andika "umbo lililozalishwa na programu", usiseme "nililochora".

Kuna kosa mwalimu hakuligusa. "Umbile wa paa umetokana" ni ngeli ya neno "muundo", yaani U-I. Umbo na umbile ni LI-YA: umbo la paa limetokana, maumbo ya mapaa yametokana.