Kuhusu kuchanganya methanoli kwenye gari la mashindano ya kasi

Ndugu yangu wa Iringa, umeuliza kama unaweza kuongeza methanoli (aina ya alkoholi) kidogo kwenye petroli ya Toyota Starlet yako, ilhali kanuni za daraja lako la mashindano zinataka petroli ya kituoni pekee. Jibu langu ni hapana, na si kwa sababu ya kanuni tu.

Methanoli huungua vizuri kwa uwiano wa karibu sehemu 6.4 za hewa kwa moja ya mafuta, wakati petroli huhitaji takriban 14.7, hivyo ukiichanganya bila kubadilisha nozeli na pampu, injini itakosa mafuta ya kutosha na pistoni zinaweza kutoboka. Moto wake hauonekani mchana, na hilo peke yake hunitia hofu. Mkaguzi naye hahitaji maabara: akitia maji kidogo na petroli yako kwenye chupa nyembamba yenye alama, akatikisa na kuiacha itulie, tabaka la maji likiongezeka chini atajua kuna alkoholi.

Zingatia pia mwinuko wetu. Hapa Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo injini isiyo na turbo haigongi upesi (yaani mafuta hayajiwashi kabla ya wakati), na oktani ya juu ya methanoli, yaani uwezo wa mafuta kustahimili kugonga huko, haitakuongezea nguvu. Nunua petroli isiyokaa muda mrefu kwenye kituo chenye wateja wengi, omba risiti, kisha mwombe fundi wako arekebishe taimingi (wakati ambao plagi hutoa cheche).