FUNDI ANAJIBU: Skani inaanza usiku, asubuhi bado iko nusu

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu huku Dodoma, nna laptopu ya mtumba, Windows 10, ramu GB 4, hadi diski (hard disk) ya GB 500 ambayo imebaki kama GB 30 hivi. Kila Jumamosi usiku naanzisha skani ya antivairasi halafu naenda kulala, naamka naikuta iko nusu na mashine imestaki, hata kufungua mtihani wa Word haiwezi. Nina antivairasi moja nililipia dukani na nyingine ya bure mwenzangu alinipa kwenye flashi, akasema zikiwa mbili ulinzi unakuwa mkali zaidi. Nifanyeje, au nizitoe zote nikae bila?

JIBU: Pole mwalimu. Usikae bila, ila toa moja, na uitoe leo kabla hujagusa kitu kingine. Antivairasi kazi yake ni kwamba faili likitaka kufunguliwa yenyewe inaliwahi, inalichungulia, ndo inaliachia. Sasa zikiwa mbili, hii inafungua faili ilikague, ile nyingine inaona kuna faili limefunguliwa nayo inarukia, yani ni walinzi wawili wa geti moja wanapekuana mifuko wao kwa wao huku foleni ya wageni nje inarefuka. Baki na ile ya kulipia kama muda wake haujaisha. Kama umeisha itoe nayo, Microsoft Defender iliyomo humo humo ndani ya Windows itajiwasha yenyewe na kwa matumizi ya nyumbani mi naona inatosha kabisa. Kutoa sio kufuta folda jamani! Pitia Settings, Apps, Uninstall, uzime na kuwasha mashine, na zile zinazong'ang'ania watengenezaji wake wengi huwa wana kiprogramu maalumu cha kuziondoa kwenye tovuti yao.

La pili, nani kakwambia kila Jumamosi ufanye skani kamili? Skani ya haraka, ile imeandikwa Quick scan, inapita sehemu ambazo virusi hupenda kujificha ili viamke pamoja na mashine: kwenye memori, kwenye programu zinazojiwasha zenyewe na sehemu kama hizo. Hiyo kila wiki sawa. Skani kamili inapita faili moja moja la diski nzima, picha zote, nyimbo zote, na ikikuta zip au ISO (faili moja lililofungia mafaili mengi ndani yake) inaifungua kukagua vilivyomo ndani, kwa hiyo zip moja kubwa ya mitihani na notsi za miaka yote inaweza kuishikilia muda mrefu we unadhani imeganda. Iweke kwa siku ambayo una wasiwasi kweli, mfano flashi imetoka stationery ukakuta mafaili yako yote yamegeuka shotikati.

Halafu kuna kitu kidogo watu wengi hawakiwazii: ukilala wewe na laptopu nayo inalala. Umefunika kifuniko au umeiacha kwenye betri, baada ya muda inazima kioo, inaingia usingizini na skani inasimama hapo hapo. Siku ya skani kamili chomeka chaja, ingia Settings, System, Power & sleep, weka Sleep iwe Never, kifuniko acha wazi.

Lakini mwalimu mchawi wako mkubwa nadhani ni hiyo hadi diski. Wakati skani inaendelea bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie safu ya Disk. Ukikuta imegonga asilimia 100 huku CPU, yani ubongo wa mashine, iko 20 au 30 basi hata ungebadilisha antivairasi kumi hakuna kitakachobadilika. Diski nyingi za laptopu za zamani zinazunguka mara 5,400 kwa dakika na kuna kichwa kinachohama huku na huku kutafuta kila faili, sasa mpe kichwa hicho maelfu ya picha ndogo ndogo za WhatsApp uone. SSD, ile diski ya kisasa inayotunza vitu kwenye chipu, haina kinachozunguka wala kinachohama. Chukua ya inchi 2.5 ya SATA (aina ya kiunganishi chake), inakaa pale pale ilipokuwa ya zamani, fundi anahamishia kila kitu, ila kopi ya kazi zako weka pembeni kwanza maana diski kuukuu haina adabu. Kama hela ni ya kifaa kimoja tu, nunua SSD kabla ya ramu.

Na kwa kuwa uko Windows 10, sapoti yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Defender itaendelea kupewa taarifa za virusi vipya mpaka Oktoba 2028, ila matundu ya Windows yenyewe hayazibwi tena kwa utaratibu ule wa zamani. Lipange hilo.

SWALI: Niko Mombasa. Kuna kitu kinaitwa Antimalware Service Executable kinakula CPU yangu kila nikianza kazi, naweza kukifuta?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hiyo ndiyo Defender yenyewe. Mpangie saa. Tafuta Task Scheduler, ufuate Microsoft, Windows, Windows Defender, utaikuta Windows Defender Scheduled Scan, weka saa ambayo mashine imewashwa lakini wewe huitumii, labda mchana ukienda kula. Ukitaka kuibana zaidi, fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) kama msimamizi uandike Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20. Kawaida skani ya ratiba inaruhusiwa wastani wa asilimia 50, hapo umeishusha, sasa usije kulalamika skani imekuwa ndefu, hivyo viwili havipatikani pamoja.

SWALI: Mambo fundi, nina kistudio cha kuediti video za harusi. Kuna jamaa aliniwekea programu ya kreki (ya kulipia iliyovunjwa kufuli itumike bure) akaniambia niweke diski C yote kwenye Exclusions, ile orodha ya vitu ambavyo antivairasi haivikagui. Tangu hapo skani inaisha chap kwa haraka, je ni sawa?

JIBU: Inaisha chap kwa sababu haikagui kitu! Umemwambia mlinzi asiangalie nyumba nzima. Na ukiona programu inataka uzime ulinzi ndo iingie, jiulize kwa nini. Folda la kazi zako za video, lile lenye mafaili makubwa uliyoyatoa kwenye kamera yako mwenyewe, hilo unaweza kuliweka humo na utaona unafuu, lakini sio C, sio Downloads na sio flashi ya mteja. Ingia Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka mpaka Exclusions ufute hiyo C, hiyo kreki itoe, kisha rudi kwenye Scan options uchague Microsoft Defender Offline scan. Hiyo inafanyika kabla Windows haijaamka, kwa hiyo vile virusi vinavyojificha Windows ikiwa hewani vinakuwa bado havijajiwasha, inachukua kama dakika 15. Sevu kazi ya bwana harusi kwanza maana mashine itajizima na kujiwasha yenyewe. Na paswedi za imeili na benki zibadilishe, lakini kwa kutumia kifaa kingine, sio hicho.