Taa Mbili Zinazokataa Kupokezana

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam alaikum. Nilimnunulia binti yangu wa miaka 13 pakiti ya vipuri vya kuunda sakiti ya taa mbili nyekundu za LED zinazowaka kwa kupokezana. Ndani mlikuwa na transista (swichi ndogo za umeme) mbili, kapasita (vipuri vya kuhifadhi chaji) mbili za maikrofaradi 10, rezista (vipuri vya kupunguza mkondo) mbili za omu 470 na nyingine mbili za omu 47,000. Tulilehemu kila kitu kwenye bodi yake na kuunganisha betri ya volti 9, lakini taa zote mbili zinawaka pamoja, tena kwa mwanga hafifu mno, wala hazizimi. Fundi wa redio mtaani kwetu ameniambia kuwa transista zimeungua. Je, ninunue nyingine? Na ikishatengemaa, twaweza kuichomeka ukutani ipambe baraza wakati wa Maulidi? – Mzazi, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Wa alaikum salaam. Usinunue transista kwanza. Transista iliyoungua kwa kawaida huiacha taa yake ama ikiwa imezima ama ikiwaka kwa nguvu zake zote, na si rahisi mbili ziungue kwa namna moja siku moja. Neno lililo muhimu katika barua yako ni «hafifu».

Taa nyekundu ya LED hutumia takribani volti 2, kwa hiyo katika betri ya volti 9 zinasalia 7, ambazo zikipita katika omu 470 hutoa mkondo wa milliampia 15, mwanga wa kutosha kabisa. Zikipita katika omu 47,000, mkondo huo hushuka hadi sehemu moja ya mia, na taa hubaki ikififia kama unavyoeleza. Nina hakika basi kwamba mmebadilisha mahali pa rezista: zile kubwa mmezitia kwenye taa, na zile ndogo kwenye bezi za transista, yaani mguu unaoiamuru transista ifunguke au ifunge. Kosa hili ni la kawaida, kwa sababu rezista zenye mistari minne hutofautiana kwa mstari mmoja tu. Zote huanza na njano na zambarau, kisha ya 470 ina kahawia na ya 47,000 ina rangi ya chungwa, rangi ambazo chini ya taa ya sebuleni hufanana mno.

Kosa hilohilo ndilo linalozuia zamu. Katika sakiti hii kila kapasita huifunga transista ya upande wa pili kwa muda, mpaka chaji yake ivuje kupitia rezista ya bezi. Ikiwa rezista hiyo ni ya omu 47,000, muda huo ni kama theluthi moja ya sekunde. Ikiwa ni ya 470, bezi hupata mkondo mwingi mfululizo, transista zote mbili hubaki wazi zikipitisha mkondo, na hakuna anayempisha mwenzake. Ziguseni rezista za bezi baada ya dakika chache: zikiwa na vuguvugu, shaka imekwisha.

Ondoeni betri, pasheni moto kila mguu wa rezista hizo mpaka risasi ya kulehemia iyeyuke ndipo mvute taratibu, kwani mkivuta kwa nguvu mtanyofoa njia ya shaba kwenye bodi. Mwachie binti azipime mwenyewe kwa mita ya umeme kabla ya kuzirudisha, kila moja mahali pake, kisha nyote mnawe mikono, maana risasi ni sumu. Taa zikiwaka vizuri lakini bado hazipokezani, tazameni miguu ya kapasita: huenda mmoja haukushika, na upande wenye mstari ndio wa hasi.

Kuhusu ukutani, hapana. Umeme wetu ni wa volti 240 na sakiti hiyo haikuundwa kwa ajili yake. Chaja ya simu inayotoa volti 5 itafaa, ingawa mwanga utapungua. Na kwa kuwa baraza za Mombasa hupigwa na upepo wa bahari, ambao huotesha kutu ya kijani kwenye shaba, mkisharidhika kuwa inafanya kazi ipakeni bodi rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, upande wa risasi. Bila shaka mama yake anayo.