Kabla hujatia sahihi na watu wa televisheni

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, nimeisoma, nikawasomea na wadogo zako. Unaniuliza kama mwimbaji anayeacha jukwaa akaenda kupika kwenye televisheni amepanda au ameshuka. Umenitajia yule Mmarekani, Kelis, kwa kuwa na wewe, mwimbaji kama yeye, huko Kinshasa wamekuita ufanye kipindi cha mapishi. Mimi sitaanza na kupanda wala kushuka. Nitaanza na mama yake.

Kelis alizaliwa Harlem, New York, na mama yake alikuwa mpishi wa kazi, mwenye kupikia watu sherehe zao. Kwa hiyo binti aliyevuma kwa wimbo wa Milkshake mwaka 2003 alikuwa mtoto wa jikoni tangu zamani. Alikuwa na jina tayari alipokwenda kukaa darasani Le Cordon Bleu, shule ya upishi, na huko akashika hasa kazi ya sosi. Hapo ndipo aliponigusa. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi, akubali kusahihishwa na mwalimu kwa ajili ya sosi! Tena kuimba hakuacha, kama unavyoandika wewe. Mwaka 2014, mwaka uleule wa kipindi chake cha televisheni, alitoa albamu iitwayo Food, na nyimbo zake kadhaa zina majina ya vyakula. Kitabu chake cha mapishi kikafuata 2015. Sasa hapo ameacha nini?

Nadhani unachotaka kujua hasa ni kama watu wa huku kwetu Lubumbashi watakucheka. Hilo nina la kusema, maana nililiona kwa macho.

Wewe ulimjua nkambo wako mdogo, yaani bibi yako, mama mdogo wangu mimi, kwa vyungu vyake. Sisi tulimjua kwa sauti. Aliimba na orkestra ya Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, na alipotoka huko akaweka meza ya chakula katika soko la Kenya, mtaa wetu mwingine wa Lubumbashi: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kasenga. Mimi nilikuwa msichana, kazi yangu kupepea mbabula, jiko la makaa, na kuosha sahani. Siku moja akaja bwana wa suti na wenzake, akamtambua. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi meza za jirani: “Kumbe ni wewe? Zamani tulikutunza, leo unatuuzia sombe!” Wenzake wakacheka. Mama mdogo hakujibu. Alichota sombe, akachagua kipande kizuri cha samaki, akampa, akahesabu chenji, akageukia mteja mwingine. Bwana alikula mpaka akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akaomba aongezewe.

Mwanangu, miaka mingi imepita na hasira ingali inanipanda. Alistahili kujibiwa, na mimi majibu yalikuwa yamenijaa mdomoni. Wakati mwingine nasema mama mdogo alifanya vema, kwa sababu aliyeomba kuongezewa alikuwa amekwisha kujijibu mwenyewe. Kisha nasema hapana, ule ukimya uliwafanya wale wengine waondoke wakidhani kupika ni adhabu ya aliyeshindwa kuimba. Na hakushindwa! Alichoka na safari za usiku, basi. Bado nabishana na jambo hili hata leo.

Ninachojua ni kile nilichowaambia tangu mko wadogo: mpishi ni wa kwanza kuonja na wa mwisho kula. Kwa sababu hiyo televisheni inanitia wasiwasi. Pale mtu anatia chungu motoni, anageuka, chakula kimeiva, halafu anakula yeye mbele ya kamera. Sombe yetu je? Majani mabichi ya muhogo yana sumu. Unayatwanga, unayachemsha chungu kikiwa wazi ili ukali uondoke na mvuke, unangoja. Ule ubichi unaisha puani, kijani cha kung'aa kinageuka kijani cha giza, ndipo unatia mawese, vitunguu na samaki mkavu. Wakikata muda ule kwenye picha, binti fulani ataiga alichokiona na kuwalisha wadogo zake majani mabichi. Lakini tena nasema, binti huyohuyo huenda hana mama wa kumfundisha, na televisheni ndiyo inayomfikia. Unaona ninavyohangaika.

Kuandika ndiko kunakonivuta zaidi. Nkambo wako mwanaume alipokea posho ya unga wa mahindi katika kambi ya Union Minière, kampuni ya migodi, na kambini Waluba, Wabemba, Wakasai na Wanyarwanda walikaa ukuta kwa ukuta. Mama yangu alijifunza mboga ya karanga kwa jirani Mbemba, naye akamfundisha yule jirani mambo ya kwetu. Hayo hayakuandikwa popote, yako vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Kuna mwimbaji mwingine Mmarekani, Trisha Yearwood. Kitabu chake cha mapishi cha mwaka 2008 alikiandika pamoja na mama yake na dada yake, televisheni ikaja 2012. Nimekutajia huyo kwa makusudi.

Baba yako amenikataza kukuambia tia sahihi au usitie. Anasema wewe ni mtu mzima. Ulimi unaniwasha, lakini nitamtii kwa leo. Waulize tu hao watu mambo haya. Watakuachia sombe ichemke kwa muda wake, na watazamaji waambiwe ni muda gani? Maneno ya mapishi utayaandika wewe, au mwingine atayaandika wayaweke jina lako? Kamera zikizimwa, chakula kile kinaliwa na nani? Kama kinamwagwa, mimi nitakuwa na neno, na baba yako atanisamehe. Waulize pia kama watakuruhusu kuendelea na orkestra siku za Jumamosi, maana sauti ile hukuipata kwangu, uliipata kwa nkambo wako mdogo.

Wakikujibu, niandikie kabla hujashika kalamu yao.

Mama yako