Leaf ya 2018 ya 40 kWh: pima betri kwanza, bei baadaye

Mkuu, umesema una gari la umeme, Nissan Leaf ya 2018 yenye betri ya 40 kWh, imetembea kilomita 70,000, vijiti vyote 12 vinavyoonyesha uwezo wa betri kwenye dashibodi bado vinawaka, na unataka kuiuza mwenyewe bila dalali. Kinachokuchanganya ni matangazo: magari kama lako yanapishana bei kupita kiasi. Ni kwa sababu matangazo hayo yanataja mwaka na kilomita, na ni nadra kukuta linalotaja hali ya betri. Usiandike bei yoyote kabla hujaipima.

Hivyo vijiti 12 visikutulize. Kwenye Leaf kijiti cha kwanza huzimika betri ikiwa imeshapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, kisha vinavyofuata huzimika kila uwezo unapopungua kwa asilimia 6 hivi. Kwa hiyo gari lenye betri ya asilimia 98 na lenye 86 yote mawili yanaonyesha vijiti 12. Mnunuzi anayejua atakuuliza namba.

Namba haina ugumu. Tafuta kisomeo kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye plagi ya OBD2, ile ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya dashibodi upande wa dereva, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, washa gari, soma SOH. Hiyo ndiyo afya ya betri kwa asilimia. Kisha fungua ukurasa wa seli. Betri hiyo ina jozi 96 za seli, na programu inachora nguzo moja kwa kila jozi. Usipige picha ya ukurasa huo chaji ikiwa imejaa, maana hapo hata seli iliyochoka husimama sawa na nyingine. Endesha mpaka chaji ibaki kama asilimia 20, panda kilima, halafu angalia. Nguzo zikiwa zimelingana, tofauti ikiwa milivolti makumi machache tu, betri iko vizuri. Moja ikizama peke yake na tofauti ikafika mamia, una seli dhaifu, na hapo hesabu zote za bei zinabadilika: gari hupunguza nguvu kwa kuifuata seli iliyo dhaifu kuliko zote, hata kama SOH inapendeza.

Ukitaka kuhakikisha bila kutegemea kompyuta ya gari, tumia mita ya umeme. Chaji kutoka asilimia 20 hadi 90. Tuseme mita imesoma 28 kWh. Toa asilimia 10 hivi inayopotea wakati wa kuchaji, unabaki na 25.2. Gawa kwa 0.7, kwa kuwa umechaji asilimia 70 ya betri, unapata 36 kWh. Ni makadirio, lakini yakiachana sana na SOH, rudia vipimo vyote viwili kabla ya kutangaza. Zile kilomita zilizobaki zinazoonekana kwenye dashibodi usizitangaze kabisa. Gari huzikokotoa kutokana na lilivyoendeshwa siku za karibuni, na mnunuzi akizijaribu kwenye barabara kuu zikapungua, ataona umemdanganya.

Sasa bei. Kusanya matangazo 8 hadi 10 ya Leaf za 40 kWh pekee. Za 30 na za 62 kWh ni soko jingine. Baada ya wiki mbili rudi uone yapi yametoweka. Hayo ndiyo yaliyokaribia bei ya kweli. Yanayoganda wiki nenda wiki rudi ni matumaini ya muuzaji. Piga simu yadi mbili tatu: bei watakayokununulia wewe ni sakafu, bei wanayouzia wao pamoja na waranti ni dari. Bei yako ikae katikati, kwa kuwa huwezi kutoa waranti kama yao.

Kisha rekebisha kwa betri. Tuseme yale ya kulinganisha yana SOH ya 90 na lako lina 84. Upungufu ni kama asilimia 7. Wengi hukata asilimia 7 kwenye bei nzima na wanajipunja, kwa sababu mota, viti na bodi havikuchakaa pamoja na betri. Mimi huihesabu betri kuwa nusu ya thamani ya gari, hivyo ningekata asilimia 3.5. Kanuni hii haifai SOH ikikaribia 70, kwani hapo mnunuzi anawazia gharama ya betri nyingine.

Angalia pia waranti ya betri. Kwa 40 kWh, katika masoko mengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, chochote kitakachotangulia, na inahusu betri iliyoshuka chini ya vijiti 9. Huhesabiwa tangu gari lilipoanza kutumika. Kwa gari la 2018 muda huo ni mpaka 2026 hivi, kwa hiyo tazama tarehe kamili kwenye kitabu. Kama gari liliagizwa kutoka nchi nyingine, thibitisha kwanza kama waranti inakubalika ulipo. Kama haikubaliki, usiitoze.

Usilinganishe bei yako na ya magari ya umeme yenye CCS, aina nyingine ya plagi ya kuchaji haraka. Leaf yako inachaji haraka kwa plagi ya CHAdeMO, na Ulaya vituo vipya vinaegemea CCS.

Mengine ni madogo ila yanavunja mauzo. Betri ya volti 12 ikichoka, dashibodi hujaa taa za onyo na mnunuzi anakimbia, ibadilishe mapema. Diski za breki hushika kutu kwa sababu mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, hivyo kanyaga breki vizuri mara kadhaa mahali salama kabla mnunuzi hajafika. Waya wa kuchajia ukikosekana, toa gharama ya waya huo kwenye bei ya gari. Siku ya kuonyesha gari acha chaji kwenye asilimia 60 hivi, ili akitaka kulijaribu kwenye chaja ya haraka lipokee umeme mbele ya macho yake.