Matokeo yakitangazwa, Mkristo afanye nini? Maswali yenu na majibu

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na tayari maswali yenu yamejaa. Nimechagua yanayohusu siku za baada ya kura, maana hapo ndipo Wakristo wa Nairobi huumbuka. Mnaotaka niwaambie mumpigie nani, msisubiri jibu.

Warumi 13 inasema mamlaka yote yametoka kwa Mungu. Tume ya uchaguzi ikitangaza mshindi, si tunyamaze tu hata tukishuku wizi? (Shemasi, Umoja)

Shemasi, Paulo hakuandika Warumi 13 ili kulinda tarakimu zilizopikwa. Mamlaka ya juu nchini mwetu ni Katiba, na Katiba hiyo hiyo imempa anayeshuku mahali pa kwenda. Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24 kwenda juu. Kifungu cha 140 kinampa asiyeridhika siku 7 tangu tangazo kufika Mahakama ya Juu, nayo mahakama siku 14 kuamua. Si lazima awe mgombea. Hata wewe shemasi unaweza. Mwaka 2022 kalenda ilikwenda hivyo hivyo: tangazo Agosti 15, mwisho wa kuwasilisha kesi Agosti 22, uamuzi Septemba 5, kiapo Septemba 13.

Kwa mbunge, gavana au diwani muda ni siku 28. Ndani ya siku 10 baada ya kuwasilisha kesi, mlalamishi huweka dhamana ya gharama: shilingi 500,000 kwa kiti cha mbunge au gavana, 100,000 kwa cha diwani. Wengi hulia "haki!" kanisani hadi siku 28 zinaisha, kisha wanamlaumu Mungu. Paulo mwenyewe alipoona ataonewa alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11), na hakungoja.

Sasa upande usiopendwa. Septemba 1, 2017 mahakama ilifuta matokeo ya urais, kura ikarudiwa Oktoba 26. Mwaka 2013 na 2022 iliyaidhinisha. Anayekwenda kortini awe tayari kwa majibu yote mawili kabla hajatia sahihi. Kuna waumini walioimba "Bwana ametenda" mwaka 2017, halafu 2022 majaji wakawa wa Shetani. Uamuzi wa Mahakama ya Juu hauna rufani. Ukosoe kwa hoja ukitaka, lakini aliyeapishwa ni rais wako, na ushuru utalipa (Warumi 13:7).

Ni dhambi kusherehekea mgombea wangu akishinda? (Dada wa Kasarani)

La. Lakini usipulize vuvuzela mlangoni kwa jirani aliyeshindwa. Soma Mithali 24:17.

Ninasimamia kikundi cha WhatsApp cha kwaya. Matokeo humiminika kabla tume haijatangaza. Niyafute? (Kariobangi)

Uliza picha kwanza. Tarakimu isiyo na picha ya fomu 34A, ile ya matokeo ya urais kituoni, haina kazi katika kikundi cha kwaya. Fomu hiyo hujazwa na msimamizi wa kituo kura zikishahesabiwa mbele ya mawakala wa wagombea, na nakala hubandikwa mlangoni mwa kituo. Mwanakwaya anayeishi karibu na shule iliyotumika anaweza kutembea akaisome kwa macho yake.

Picha ikija, tazama jina na nambari ya kituo. Jumlisha kura za wagombea uone kama zinalingana na kura halali zilizoandikwa. Ongeza zilizokataliwa, jumla isizidi idadi ya waliosajiliwa. Mwaka 2022 kituo kimoja hakikupaswa kuzidi wapigakura 700, kwa hivyo fomu inayompa mtu kura 1,900 katika kituo kimoja imetungwa na asiyejua hata anachokiiga. Tarakimu iliyokatwa na kuandikwa upya huenda ni kosa la msimamizi aliyekesha akihesabu. Linganisha na fomu ya kituo hicho kwenye tovuti ya tume, ambayo mwaka 2022 iliweka wazi picha za vituo zaidi ya 46,000. Na wakala kutotia sahihi, peke yake, hakubatilishi matokeo. Hili nimelijibu mara nyingi kiasi cha kuchoka.

Mtakumbuka pia Agosti 2022, televisheni moja ikimweka huyu mbele na nyingine yule, jioni ile ile. Kila chumba cha habari kilikuwa kikiingiza fomu kwa mpangilio wake na kwa kasi yake. Watu wakasema wizi, na vikundi vya maombi vikausambaza huo "wizi" pamoja na mistari ya Zaburi. Kutoka 23:1 inasema, "Usivumishe habari za uongo." Haijaongeza "isipokuwa umeandika 'nimetumiwa tu'."

Matusi ya kikabila yafute papo hapo na umtoe aliyeyaleta. Sheria ya uwiano ya 2008 ina faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Nabii wetu alisema fulani ataapishwa. Hakuapishwa. Sasa anasema tuliomba kidogo. (Msomaji, Pipeline)

Kumbukumbu la Torati 18:22: neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Mwombe akiri pale pale madhabahuni alipotabiria, kwa kipaza sauti kile kile. Akikataa, tafuta kanisa lingine, na sadaka ya kesha uende nayo.

Mkristo anaruhusiwa kuandamana? (Wengi, tena)

Ndiyo. Kifungu cha 37: kwa amani, bila silaha. Jiwe likirushwa upande wako, ondoka. Tafadhali msiliulize tena.

Sisi tulio wachache kwa kabila hapa kanisani tumekuwa kimya tangu 2022. Wengine wamehama. (Mama, Githurai)

Mama, pole. Swali hili walipaswa kuniuliza wachungaji. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret walichomewa humo, na mwaka huo huo Baraza la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande. Wakati huo maneno ya madhabahuni yalikuwa yameshafanya kazi yake.

Kwa mchungaji anayesoma hapa: Jumapili ya kwanza baada ya matokeo, shukrani kwa ushindi wa mtu zisiwe kwenye ratiba, wala ushuhuda wa kisiasa. Matangazo na utani wa ibada ya Kiswahili uwe kwa Kiswahili. Ukichomekea lugha ya kwenu umeshawaambia wengine wasubiri nje. Ombeni kwa 1 Timotheo 2:2, mkitaja ofisi: rais mteule, walioshindwa, majaji, polisi, maafisa wa tume. Hao wa mwisho msiwasahau. Chris Msando wa teknolojia ya tume aliuawa siku chache kabla ya kura ya 2017, na msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alipatikana amekufa Agosti 2022. Kisha katika wiki mbili hizo za kesi, mchungaji aende nyumbani kwa kila familia iliyonyamaza, aketi, anywe chai, asihubiri. Wewe Mama usihame bado. Mwambie mzee wa kanisa mmoja unayemwamini, uso kwa uso, ni maneno gani yaliyokuumiza na yalisemwa lini. "Tunabaguliwa" peke yake hujibiwa kwa "tutaombea".

Mheshimiwa mpya ataka kuja kushukuru, ana bahasha ya mabati ya kanisa. Tumkatae? (Mweka hazina, Kayole)

Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa na kuagiza zirudishwe pesa ambazo rais alitoa katika kanisa la Soweto, hapo hapo mtaani kwenu, kwa hivyo msiniambie haiwezekani. Mkaribisheni aabudu. Aketi na waumini, asipewe kipaza sauti, na mumwambie hivyo siku tatu kabla, kwa barua, ili msije mkaaibishana mbele ya kamera. Sadaka yake aitie kapuni kama wengine. Bahasha ikishikwa juu na kutajwa kiasi, irudishwe siku hiyo hiyo, kwa stakabadhi, nawe ubaki na nakala. Mabati changeni wenyewe, hata ikichukua mwaka.